Shangazi, niende Las Vegas au ninunue mzigo?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa dukani, mlango nimeurudishia nusu ili wateja wajue nipo lakini sipo. Kuna jambo limeninyima usingizi mwezi mzima, na nyumbani sina wa kumwuliza ambaye hana upande.

Nina duka dogo la vifaa vya mchezo wa kulenga shabaha, huu ni mwaka wa nne. Bunduki za moto siuzi. Nauza bunduki za upepo chache kwa oda, risasi zake za milimita 4.5, makoti na glavu za kulengea, miwani na karatasi za shabaha. Nyuma nina meza ya ufundi ninapobadilisha oringi, vile vipete vya mpira vya kuzuia hewa, na kurekebisha vifyatulio. Wateja wangu wakubwa ni klabu mbili na chuo kimoja chenye timu ya vijana. Biashara tunaiendesha wawili, mimi na shemeji, mume wa dada yangu mkubwa. Sehemu kubwa ya mtaji aliitoa yeye, kazi naijua mimi.

Kilio chetu ni mzigo. Tunanunua kwa msambazaji mmoja tu na hatuna pa kukimbilia. Mwaka jana niliagiza risasi zenye kichwa cha 4.49, nikaletewa makopo ya 4.51. Nilipolalamika nikaambiwa tofauti ndogo kama hiyo nani ataiona. Wachezaji wangu waliiona jioni ileile kwenye karatasi, matundu yametawanyika kama mtama uliomwagika. Makopo hayo bado yapo chini ya kaunta mpaka leo.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikiweka akiba. Sasa imefika kiasi cha kunipeleka SHOT Show, maonyesho makubwa ya biashara ya bunduki na vifaa vyake kule Las Vegas, na kunirudisha. Rafiki yangu tuliyesoma naye ufundi alienda Januari iliyopita, akanitumia picha yuko jangwani anafyatua bunduki, nyingine yuko kwenye banda kapeana mkono na wakubwa. Nilipoziona nikajua na mimi lazima nifike. Shemeji hataki hata kulisikia. Anasema maonyesho ni matembezi ya wenye kampuni kubwa, na pesa hizohizo zingejaza rafu zetu kwa miezi sita. Juzi tulibishana mpaka tukapandishiana sauti mbele ya dada, na tangu siku hiyo tunasalimiana tu.

Shangazi, wewe umekuwa kwenye biashara hii miaka mingi. Niambie bila kunionea huruma: inalipa? Na kama nitaenda, je, naweza kubeba bunduki ya mteja wangu mmoja inayovuja hewa ili watengenezaji waiangalie palepale? Nimeifungua mara tatu na imenishinda.

Wako,
Mwenye Meza ya Ufundi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifuata habari za Las Vegas. Mara ya pili nikasimama kwenye yale makopo ya 4.51, nikaona shida yako ilipo. Kwa hiyo nianze na jibu, halafu nikueleze nimelifikiaje. Las Vegas usiende. Nuremberg, Ujerumani, kwenye maonyesho yanayoitwa IWA, nenda, lakini kwa sharti moja ambalo nitakuwekea pamoja na tarehe yake. Sharti hilo likikushinda, pesa zote mkabidhi shemeji akanunue mzigo, tena kwa moyo mweupe.

SHOT Show ni maonyesho ya heshima, sina neno baya juu yake. Yalianza mwaka 1979 mjini St. Louis, Missouri, na mwenyewe ni National Shooting Sports Foundation, chama cha watengenezaji na wafanyabiashara wa sekta hii nchini Marekani. Tangu 2010 yanafanyika Las Vegas kila Januari, isipokuwa 2021 yalipofutwa kwa sababu ya korona. Lakini tazama yamejengwa kwa ajili ya nani. Ni kwa mwenye duka wa Kimarekani anayeuza bunduki za kuwindia, bastola, risasi za moto, visu, mavazi ya porini na vifaa vya polisi. Waonyeshaji ni zaidi ya 2,500, na siku ni nne. Shika kalamu tupige hesabu. Ukitembea saa nane kila siku, huli wala hukai, una dakika 1,920. Zigawe kwa mabanda 2,500, kila banda linapata chini ya sekunde 50. Na katika umati huo, wanaotengeneza bunduki ya upepo ya mita 10, ile inayochezwa kwa kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, na kwenye Olimpiki, utawahesabu kwa vidole.

Picha ya rafiki yako akifyatua jangwani naijua ilikopigwa. Kuna siku ya uwanjani kabla ya maonyesho yenyewe kufunguliwa, inafanyika Boulder City, nje kidogo ya Las Vegas, na huingii bila mwaliko. Ndani ya ukumbi ni habari nyingine kabisa: bunduki za maonyesho zimetolewa pini ya kufyatulia. Utaishika, utaisikia uzito, utavuta kifyatulio, basi. Na huwezi kununua kitu ukaondoka nacho mkononi, maana yale si maonyesho ya rejareja. Kwa mtu wa kawaida anayetaka kuona na kununua, Marekani ina maonyesho yake mengine, kama yale ya Harrisburg, Pennsylvania, ya siku tisa kila Februari, ambako yeyote anakata tiketi na kuingia. Wengi huchanganya haya mawili, wakafika Las Vegas na kuzuiwa kujiandikisha kwa sababu hawana karatasi ya kuonyesha kwamba wao ni wafanyabiashara.

Halafu kuna sheria. Bunduki, vipuri vyake, hata darubini za bunduki, vikitoka Marekani kwenda nje viko chini ya udhibiti wa Wizara ya Biashara ya nchi hiyo. Silaha za kawaida za michezo na uwindaji zilihamishiwa huko kutoka Wizara ya Mambo ya Nje mwezi Machi 2020. Maana yake ukishapeana mkono na mwenye banda kama rafiki yako, mzigo unaweza kukaa ghalani kwake mpaka leseni ya kule na kibali cha kuingiza cha nchi yako vikutane. Mwenye duka kubwa ana karani wa kufuatilia hayo. Wewe una shemeji, na sasa hivi hamsemezani.

Sasa Nuremberg. Maonyesho ya huko, IWA OutdoorClassics, yamekuwepo tangu 1974, yanafanyika mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, siku nne, na huko nako hawaingii ila watu wa biashara wenye ushahidi wa biashara. Bunduki za kuwindia, visu na mavazi vipo kwa wingi pia, usidhani utakuta ukumbi mzima ni mita 10. Tofauti ni ujirani. RWS, watengenezaji wa risasi ambao sina shaka makopo yao unayo rafuni, makao yao ni Fürth, mji uliogusana na Nuremberg. Watengenezaji wa bunduki, Walther na Anschütz, wako Ulm. Wenzao Feinwerkbau wako Oberndorf am Neckar. Kote huko ni kusini mwa Ujerumani, mahali ambapo treni zinafika. Kwa hiyo mtu akishindwa kukuona ukumbini, unaweza kumwomba akupokee kiwandani siku moja kabla au baada. Anayeenda Las Vegas hapati nafasi ya namna hiyo kwa bidhaa zako. Lakini usidhani kila jina kubwa linapanga banda kila mwaka. Orodha ya waonyeshaji hutangazwa mapema. Isome mstari kwa mstari kabla hujalipia chochote, na jina unalolitaka lisipokuwemo, andika wazi kwenye daftari lako kwamba halimo. Usijipe matumaini kwamba utalikuta tu.

Nikueleze nilivyojifunza, maana si kwa kusoma.

Safari yangu ya kwanza ya maonyesho nilienda kama wewe unavyotaka kwenda: niliona picha, nikapanga begi. Nilikusanya katalogi mpaka nikalipia uzito uliozidi uwanja wa ndege. Banda moja walinipokea vizuri sana. Mkubwa wao akaniambia kwa mdomo kwamba eneo letu halina wakala na kwamba mimi ndiye nitakuwa wakala wao. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshajitangaza. Niliandika barua pepe ya kwanza, ya pili, ya tano. Kimya. Baadaye nikaja kujua kwamba wakala walikuwa naye miaka yote, na yule aliyeniahidi hakuwa na mamlaka ya kuahidi. Nililia, sikufichi, kwa sababu ile ilikuwa pesa ya ada ya mtoto niliyoikopa kwangu mwenyewe.

Safari ya pili nilikaa miaka mitatu kabla ya kuifanya. Nilikuwa na miadi saba iliyothibitishwa kwa maandishi, na moja kati ya hizo ililipa safari nzima. Tulikuwa na makoti yaliyorudishwa na klabu kwa sababu yalikuwa yanakataliwa kwenye kipimo cha ukakamavu siku ya mashindano, yaani yameonekana magumu kupita kiasi. Nilibeba moja. Mama mmoja wa makamo, msimamizi wa ushonaji wa kampuni hiyo, alilitandaza juu ya meza, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba pale ambapo turubai linakutana na ngozi begani. Hakuuliza limenunuliwa lini. Aliuliza linakaushwa wapi. Nikamwambia wachezaji wakitoka mazoezini wanalianika juani. Akanibonyeza kidole changu kwenye ile ngozi, kisha kwenye ngozi ya koti jipya lililotundikwa nyuma yake. Sikuhitaji kutafsiriwa. Koti letu lilikuwa gumu kama kiatu kilicholowa kikakauka. Dakika 15 zile ziliniepusha kutupa makoti mengine 20, na nikarudi na oda ndogo ya aina ya ngozi nyembamba zaidi begani. Jambo hilo nilikuwa nimeliandikia mara nne kwa barua pepe, na kila mara nilijibiwa kwamba bidhaa zao zinakidhi kanuni.

Hicho ndicho unachonunua ukienda maonyesho, mwanangu: dakika chache na mtu mwenye mamlaka, au mwenye mikono iliyoishona bidhaa, kitu kikiwa mezani kati yenu. Bidhaa mpya usiziendee. Siku zinapozinduliwa, jioni yake zipo kwenye simu yako kwa video, na fundi kama wewe ataelewa zaidi kwa kuirudia video mara tatu kuliko kwa kusukumana bandani. Bei nazo usiziendee. Orodha ya bei inatumwa kwa barua pepe kwa yeyote mwenye leseni ya biashara.

Sasa tuangalie hoja ya shemeji, kwa sababu ana hoja, na nadhani hukumsikiliza mpaka mwisho. Rafu zikijaa zinauza. Safari haiuzi kitu mpaka urudi, uagize, usubiri, upokee. Muulize daftari, si moyo wako. Chukua gharama yote ya safari: nauli, viza kama unahitaji, malazi, usafiri wa ndani, chakula, na mauzo utakayokosa meza ya ufundi ikiwa haina mtu. Tuseme jumla hiyo ni sawa na thamani ya makopo 900 ya risasi. Tuseme pia kwamba ukinunua moja kwa moja kiwandani, ukishalipa usafirishaji na forodha, unaokoa robo ya bei unayolipa sasa kwa kila kopo. Basi lazima uuze makopo 3,600 ndipo safari irudishe pesa yake, na hapo hujapata faida hata ya kopo moja. Unauza makopo mangapi kwa mwaka? Klabu mbili na chuo kimoja. Ikiwa ni 1,500, safari inakulipa mwaka wa tatu. Ikiwa ni 500, shemeji amekushinda kwa hoja, na umwambie hivyo.

Lakini kuna kitu ambacho hesabu yake haikugusa. Miezi sita ya rafu zilizojaa kutoka kwa msambazaji yuleyule ni miezi sita ya 4.51 anapoagizwa 4.49. Kumi ya shabaha ya bunduki ya upepo ni nukta ya nusu milimita. Mchezaji anayegombea nafasi kwenye nukta hiyo hatarudi kwako ukimwuzia kopo lisilo sahihi mara mbili. Gharama ya wateja watakaoondoka kimyakimya hakuna anayeiandika daftarini. Kwa hiyo nakuomba mkae, muweke hesabu mbili mezani, yake na yako, na dada awepo kama ilivyokuwa siku mlipopandishiana sauti. Anza kwa kumwomba radhi. Wewe ni mdogo kwake na mtaji ni wake.

Kabla hata ya kikao hicho, kuna barua moja ya kuandika. Waandikie watengenezaji wanne au watano wa vitu unavyouza zaidi. Maswali yawe mawili tu: je, mna mwakilishi wa eneo letu, na kama yupo, mnaniruhusu kununua moja kwa moja au lazima nipitie kwake? Kampuni nyingi zimegawa dunia vipandevipande, na kila kipande kina mwenyewe. Mtengenezaji akikujibu kwamba lazima upitie kwa yule msambazaji aliyekuletea 4.51, basi hata ukienda ukalala mbele ya banda lake jibu litakuwa lilelile. Ni afadhali ulipokee ukiwa kwenye kaunta yako. Lakini usiishie hapo: mwulize ni utaratibu gani upo wa kulalamika mwakilishi wake anapokosea oda. Nimeona malalamiko ya namna hiyo, yakiwa na picha ya kopo na namba ya toleo iliyogongwa chini yake, yakimaliza tatizo la miaka bila mtu kupanda ndege.

Na sharti langu ni hili. Miadi ya IWA huanza kupangwa miezi kadhaa kabla. Anza kuandika Oktoba. Ikifika tarehe 15 Desemba uwe na miadi sita iliyothibitishwa kwa maandishi, kila moja ikiwa na jina la mtu, cheo chake, siku na saa. Kati ya hizo, angalau mbili ziwe za watu walioandika kwamba wako tayari kukuuzia moja kwa moja. Ukiwa na tano, huendi. Unajiambia ya sita utaipata hukohuko? Hutaipata, mwanangu. Watu wenye mamlaka ya kusema ndiyo wanafika na ratiba iliyojaa, na wanaobaki mbele ya banda wamewekwa pale kugawa peremende na katalogi. Viza ya Schengen, kama unaihitaji, inaruhusiwa kuombwa hadi miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo kusanya karatasi zake mapema, lakini tiketi na malazi yasiyorudishiwa pesa usiyaguse kabla ya tarehe hiyo.

Ukienda, nenda peke yako. Shemeji asije safari hii, ila neno lake ulibebe: muandike pamoja, mtie sahihi, kiasi cha juu kabisa ambacho unaruhusiwa kukubali kwa oda ya kwanza. Kila kiwanda kina kiasi cha chini cha oda, na bandani watu hukitaja kwa upole unaomfanya mgeni aseme ndiyo. Ukiwa na karatasi ya shemeji mfukoni, unasema kwa adabu kwamba mamlaka yako yanaishia hapa, tumeni profoma, yaani ankara ya awali, tutajibu ndani ya siku kumi. Usilipe kianzio chochote ukiwa ukumbini.

Beba karatasi moja tu inayoeleza duka lako: leseni, klabu unazohudumia, makopo unayouza kwa mwaka kwa idadi ya kweli. Idadi ndogo ya kweli inaheshimiwa kuliko kubwa ya kubuni, kwa sababu muuzaji anajua ukubwa wa soko lako pengine kuliko wewe. Kwa risasi, usiombe sampuli ya kopo moja. Omba za matoleo tofauti, na uandike namba ya toleo la kila moja. Ukirudi, funga bunduki kwenye jiliwa hapo mezani kwako na ufyatue kumi kumi. Bunduki moja inapenda toleo hili, nyingine linaikataa, na duka linaloweza kumwambia mteja kopo gani linaifaa bunduki yake halishindwi na muuzaji wa mtandaoni.

Na ukikuta mitungi ya hewa ya bunduki kwa bei ya kuvutia, ndiyo, utaikuta, hasa siku ya mwisho, igeuze usome tarehe iliyochorwa. Kanuni za ISSF zinataka mtungi uwe ndani ya muda wake wa matumizi, na muda huo haupiti miaka kumi. Mtungi uliobakiza miaka miwili bei yake ni ndogo kwa sababu hiyo. Timu ya chuo ikifika mashindanoni nao umepitwa na wakati, watakayemkumbuka ni wewe uliyewauzia.

Kila ukitoka bandani, kabla hujapiga hatua ya kwenda kwingine, andika nyuma ya kadi ya mtu huyo mlichokubaliana. Usingoje hoteli. Kufika jioni nyuso zote zinafanana. Na ndani ya wiki moja baada ya kurudi, mwandikie kila mmoja barua fupi inayorudia alichosema, ili akikanusha akanushe mapema.

Ikiwa miadi sita haikutimia, bado kuna mlango. Timu ya chuo au klabu yako ikipelekwa kwenye raundi ya Kombe la Dunia la ISSF au mashindano mengine makubwa, omba kufuatana nayo kama fundi. Watengenezaji wakubwa hupeleka mafundi wao huko na meza zao za kutengenezea, na hapo unamwona mtu akifungua bunduki ileile unayoihangaikia wewe. Hakuna wakubwa wa mauzo wengi, lakini kwa mtu wa meza ya ufundi, hiyo ni shule ambayo mimi naiweka juu ya maonyesho mengi niliyohudhuria.

Kuhusu bunduki ya mteja inayovuja: usiibebe. Maonyesho haya hayaruhusu mgeni kuingia na silaha yake, na kuivusha mipaka na forodha kunahitaji vibali ambavyo si vya kuhangaikia kwa ajili ya uvujaji. Mwombe mteja ruhusa, piga picha ya jina la modeli na namba yake, piga nyingine ya kidhibiti cha hewa ulipokifungua, na video fupi ukiipaka maji ya sabuni ili viputo vionekane vinatokea wapi. Toa ile oringi iliyochoka, itie kwenye bahasha ndogo, andika juu yake modeli na tarehe uliyoitoa. Hivyo unaweza kuvituma kwa barua hata wiki hii, na sidhani kama utahitaji kungoja Machi.